Sahihi Tisa za Ndambuki

Ndambuki wa Ziwani alikuwa karani wa benki, na kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kulinganisha sahihi ya hundi na ile ya kwenye kadi. Mkia wa herufi ukipinda, hundi inarudi. Aliwahi kumrudishia hundi mjane aliyesaini huku akilia, akaja kutusimulia kwa maringo.

Nyumbani alikusanya vitabu vilivyosainiwa na Mzee Matheka, mwandishi aliyempenda kuliko jamaa zake. Alikuwa navyo tisa, vyote vya kuagiza kwa posta kutoka kwa mchapishaji. Sisi majirani tulikalishwa tuvitazame bila kuvigusa.

"Tisa, na hakuna hata nukta iliyokwenda kando," alisema. "Hiyo ndiyo sahihi halali."

Mwaka wa 1979 binti yake, Mbithe, alipiga foleni mjini tangu asubuhi, Mzee Matheka akamsainia kitabu cha kumpelekea baba. Ndambuki alitoa kioo chake cha kukuzia, akaangalia sahihi tu. Mkia ulikuwa umepinda.

"Umeuziwa feki."

"Baba, nimemwona akiandika."

"Wewe umeona. Mimi nimepima."

Akakipeleka kwa Hashi wa duka, afungie njugu. Mbithe alilia, na mimi nilitamani kumzaba kofi baba yake.

Jirani yetu Munyoki, mchonga vinyago, aliomba kuviona vile tisa. Alinakili sahihi moja kwenye karatasi yake nyembamba ya michoro, akaiweka juu ya nyingine, moja baada ya moja. Mstari ulilala juu ya mstari mara zote.

"Bwana Ndambuki, nimechonga twiga tangu utotoni, na sijapata wawili waliofanana. Kwa huyo mchapishaji nilipeleka vinyago, nikaona mashine ina mkono wa chuma, umeshika kalamu, unasaini vitabu. Huo ndio haukosei."

Ndambuki alivaa koti akaondoka bila kuaga. Bahati yake, Hashi hupasua vitabu kuanzia nyuma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umebaki, na hapo dukani, kwa mara ya kwanza, akasoma maneno yaliyo juu ya sahihi: "Kwa Bwana Ndambuki. Binti yako asema unanisoma sana. Niwie radhi, siku hizi mkono unatetemeka."

Aliurudisha nyumbani kwa mikono miwili, akamwomba Mbithe amtafutie gundi.

Mbithe akamletea kioo cha kukuzia. "Pima kwanza, baba."