Kahawia Chini, Bluu Juu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Uru imeshuka kutoka mlimani hata ng'ombe hawataki kunyanyuka. Nilikuwa nakwenda kukamua nikamsikia baba mkwe wangu, yaani babu yako, akioga nje nyuma ya banda. Kila akijimwagia maji anaguna, kisha anakohoa. Niligeuka upesi kwa heshima, nikarudi jikoni na ndoo tupu, nimekasirika kweli. Ndani ya nyumba, karibu kabisa na mlango wa chumba chake, kulikuwa na bafu jipya ambalo mimi na baba yako tulimjengea yeye.

Yamenijia hayo kwa sababu ya picha uliyonitumia, ya bafu lenu huko Moshi mjini. Kahawia na bluu! Nimecheka peke yangu. Kumbe mnadhani rangi hizo mmezigundua ninyi wenye simu. Mama yako alizipaka kabla hujazaliwa.

Babu yako alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Masika yale alikuwa ameteleza kwenye tope akienda bafu la zamani, lile la chini kwenye migomba, akaumia nyonga. Ndipo tukajenga la ndani. Lilikuwa dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na mimi nikaona kidogo kikipambwa hupendeza kuliko kikubwa kilichoachwa hivi hivi. Udongo wa kihamba, shamba letu la nyumbani, unaujua, ukishika miguu hauachii. Nikasema basi, kahawia itaficha matope. Sakafu nikapaka kahawia, kizingiti kahawia, ukuta hadi kiunoni kahawia. Rangi ikabaki, nikapaka na kigoda cha kukalia. Juu huko nikaweka bluu hadi darini, na pazia la bluu dirishani. Majirani walipita kulitazama baada ya misa, mmoja akasema ni kama la hotelini. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Babu yako aliingia mara moja tu, siku lilipokwisha. Akapapasa ukuta, akatoka. Akasema tumefanya vizuri, Mungu atubariki. Hakuingia tena. Kila mgeni aliyekuja, mzee alimsifia lile bafu, halafu mwenyewe anachukua ndoo yake anakwenda nyuma ya banda.

Kwanza nilidhani ni mila, maana baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka yao, na kanga zangu zilikuwa zinaning'inia mle. Nikaziondoa zote, wala hakuja. Nikamwambia baba yako amuulize, akanijibu kwamba mzee haulizwi mambo ya kuoga. Basi nikajipa jibu langu mwenyewe. Nilikuwa bibi harusi kutoka Masama, Mlutheri katika nyumba ya Wakatoliki, nikaona hapa nimedharauliwa, mzee hataki maji yaliyopita mikononi mwangu. Nikaanza kumwekea mtori wake mezani bila neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, na mshindo wangu ulikuwa jikoni. Asubuhi ile ya baridi nilipiga masufuria mpaka bibi yako, mama mkwe wangu, akatoka chumbani.

Hakunigombeza. Alinisikiliza nikilalamika hadi nikaishiwa. Halafu akatoa kanga kuukuu begani, akaikunja, akanifunga machoni, si kwa kukaza sana. Mwanga na rangi niliona, vitu sikuvitambua.

"Haya," akasema, "nenda kaoge."

Nilicheka, nikidhani ananitania, maana yule mama alikuwa na utani wake. Nikaenda. Mlangoni mguu wangu ukagonga kizingiti nilichokipaka mwenyewe, nikaparamia ukuta. Mbele yangu palikuwa na rangi moja tu, imekolea kama kahawa chunguni. Sikujua sakafu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Nikatafuta kigoda, nikakipata kwa ugoko. Kitu pekee nilichokiona vizuri kilikuwa ile bluu yangu nzuri huko juu, mahali ambapo hakuna mtu anayekanyaga. Nikasimama katikati ya bafu langu mwenyewe, naogopa kunyanyua mguu.

Sauti ya mama mkwe ikaja kutoka mlangoni. "Mkwe wangu, mzee hajakukataa. Anaogopa kuanguka tena."

"Mbona hakusema, mama?"

"Aseme nini? Umempa zawadi kwa mikono miwili. Unataka akwambie itamvunja mguu?"

Nililia, mwanangu. Nililia na ile kanga machoni. Mtu niliyemnunia alikuwa anatetemeka kwenye baridi ili asinivunje moyo.

Hatukubomoa kitu. Siku hiyo hiyo baba yako alifungua kopo la bluu iliyobaki. Tulipaka mstari mpana kwenye kizingiti, tukapaka kigoda chote, tukazungushia bomba. Ukuta wa chini tukaupa bluu ya kupauka, kahawia ikabaki sakafuni peke yake. Majirani wakasema nimeharibu, hasa ule mstari wa mlangoni, na kweli ulikuwa unakera macho. Mzee hatukumwambia neno. Nikatenga maji ya moto, nikaweka ndoo mle ndani.

Kesho yake alisimama mlangoni muda mrefu. Mimi niko jikoni na mwiko mkononi, namchungulia. Akainua mguu, akavuka. Nikasikia maji, kisha nikasikia wimbo wa kanisani, kwa Kichagga, na sauti yake mbaya ile. Alipotoka, taulo begani, alipita karibu yangu.

"Mkwe," akasema, "leo nimeoga nyumbani."

Akaenda zake kuanika taulo.

Sasa nikuambie wewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukipamba mahali pa watu, pamba, siwezi kukukataza na mimi ndiye niliyeanza. Lakini kabla hujaita majirani, ingia kwanza na macho ya yule atakayepatumia. Na mkubwa akikataa kitu chako kwa upole, usikimbilie kununa. Tafuta anachokiogopa.

Picha yako niliikuza kwa vidole, kama ulivyonifundisha. Bluu nimeiona, inapendeza sana. Sakafu, mwanangu, sikuona inaishia wapi. Daktari ameshaniambia macho yangu yana yale yale ya babu yako. Krismasi nikija kukaa kwenu, ukiniuliza, nitasema bafu ni zuri, Mungu awabariki. Nasi wazee ndivyo tulivyo. Kwa hiyo nakuambia leo, ningali mbali na bado nina ujasiri: niwekee mstari kwenye kizingiti, hata kama utakera macho ya wageni.

Mungu aibariki mikono yako inayopenda vitu vizuri. Akupe nyumba ambayo mzee ataoga ndani yake bila hofu, nawe ukiwa jikoni umsikie anaimba.