Mtani Alipozima Pangaboi

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo nakumbuka joto lake. Tulikuwa Kariakoo, kwenye matanga ya kaka yangu Rashidi, na mimi wakati huo sikuwa na mvi hata moja.

Sebule ilijaa watu wa kwetu, wenye maduka na wabeba mizigo, maana huku mjini hatukutani wote ila kwenye msiba. Ndiyo sababu baada ya dua wazee wakaleta na jambo la nyumbani. Kampuni ilitaka kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo juu ya kilima chetu, kando ya msitu wa hifadhi, na kijiji chetu kisicho na umeme nacho kiunganishiwe. Shamba la pale juu lilikuwa la Rashidi, na sasa limebaki kwangu. Wakaniuliza, "Dada, unasemaje?"

Nikasema hatutaki. Kilima kibaki kama kilivyo. Wakaitikia wote.

Hapo akainuka Mama Zena, mtani wetu. Unawajua watani msibani, hawana adabu na hakuna wa kuwakasirikia. Akakaza kanga, akaenda ukutani, akazima pangaboi lililokuwa linatuzungukia darini.

"Kilima kibaki kama kilivyo, na nyie mbaki kama mlivyo!" akasema. "Mbona mnajipepea? Wewe wa duka la vitenge, kule umelala lini mara ya mwisho? Ukifika tu unauliza gesti iko wapi!"

Watu wakacheka, jasho linawatoka. Nami nikacheka, kisha nikalia. Alipoona nalia akaja kukaa mkekani, ubavuni kwangu.

"Mtani, sikwambii ukubali," akaninong'oneza. "Ila anayelala kule mmemwacha uani anapepeta mchele."

Ilikuwa kweli. Shangazi yetu, anayeishi chini ya kile kilima, alikuwa amekuja na basi kwa ajili ya msiba, na hakuna aliyemwita ndani. Nikamfuata uani, nikamuuliza.

"Sijui, mwanangu," akasema, mikono bado kwenye ungo. "Rashidi akija alikuwa anakaa pale juu, anasikiliza ndege wale hondohondo wakilia msituni. Yakija yale mapanga ya upepo nitaona kama nimemfukuza. Lakini wajukuu zangu wamezaliwa kwa mwanga wa tochi. Nipe muda nikaongee na wenzangu."

Nikarudi ndani, nikawaambia wazee neno langu nimelirudisha, jibu litatoka kwa shangazi. Walinuna. Mmoja hakumaliza hata chai yake.

Kule kijijini walikaa, wakabishana, mwisho wakakataa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesimama akatoa jibu. Mitambo ikapelekwa kwingine, na umeme kwetu haujafika. Nikienda nakaa pale juu, kimya chake ni kizuri. Kisha giza linaingia, nashuka kwa shangazi, namsikia anapapasa kutafuta tochi, na sijui tena kama tulipata au tulikosa. Wakati mwingine naona sikuwa natetea msitu hata kidogo. Nilitaka tu kitu kimoja cha kaka yangu kisiguswe.

Nawe, mwanangu, una kwenu usikolala. Siku ukiulizwa habari za huko, usikimbilie kujibu kwa uchungu wako, wala kwa ujanja wa mjini. Mtafute kwanza anayeamka kule kila asubuhi. Akisema hajui, msubiri.

Mungu akupe subira hiyo, na akujalie watani wasiokuogopa.