Shimo la Kona

Dada yangu Chenda alichoka kuamkia majini. Kila msimu wa mafuriko kibanda chao hapa Kampong Thom kiliingia maji, kuku wakapandishwa kitandani. Ndipo yeye na mumewe, Vuthy, wakaamua kujijengea nyumba juu ya nguzo za zege, kwenye kiwanja walichogawiwa na kijiji.

Kiangazi kilipofika tukaanza kuchimba mashimo ya msingi. Vuthy alishika sururu, Chenda akazoa udongo kwa karai, mimi nikakunja nondo.

"Baba Dara," Chenda akamtania mumewe, "shimo limekaa upande kama wewe ukilewa!"

"We zoa udongo, mama. Mdomo haujengi nyumba."

Kwenye shimo la kona sururu iligonga kitu. Vuthy akainama, akapangusa kwa vidole. Fuvu la mtu. Akazidi kupangusa, ikatokea mifupa ya mikono, imefungwa kwa waya.

Hakuna aliyeuliza. Sisi tuliopitia enzi zile za mauaji, serikali ilipoua watu wake, tunajua. Baba yetu naye aliitwa jioni moja akasaidie kukata mianzi, na hakurudi.

Chenda akashuka shimoni, akalipakata lile fuvu, akalitazama meno.

"Baba alikuwa na pengo huku. Au huku? Nary, unakumbuka?"

"Nilikuwa mdogo, dada. Sikumbuki."

"Basi hata mimi sijui," akasema, na hapo ndipo alipolia. Tangu utotoni sikuwahi kumwona akimlilia baba.

Watawa walikuja wakasoma dua, mifupa ikachomwa pagodani, kwenye hekalu lao. Jioni Vuthy akamwambia mkewe polepole, "Tutafute kiwanja kingine, mama. Nitachimba upya, wala sitanung'unika."

"Hapana. Kakaa hapa peke yake miaka yote hiyo."

"Na kama si mzee wenu?"

"Ana watu wake. Nao wanamtafuta."

Tukafunga nondo, tukamwaga zege ndoo kwa ndoo. Siku hiyo hakuna aliyetania.

Nyumba ilisimama. Mafuriko yaliyofuata yalipita chini ya sakafu, wanangu na wa dada wakayachungulia kwa vicheko. Chenda alilala pakavu, ila usingizi ulimpaa. Mpaka leo, kila sikukuu ya wafu hupeleka wali pagodani. Mtawa akimuuliza jina la marehemu, hulitaja la baba, kisha huongeza, "Au yule mwingine, kama siye."