Mashini mbili juu ya meza moja

Sina sauti. Si ugonjwa. Ni kwamba sauti yangu ikifika kwenye meno inageuka na kurudi ilikotoka. Darasani, mwalimu akiita majina asubuhi, mwenzangu wa benchi ndiye anayejibu "Iko!" kwa ajili yangu, na kwa mwaka mzima mwalimu wa hesabu aliamini kwamba yeye ndiye mimi. Pointi nilipata mimi, pongezi alipata yeye, nami sikusema kitu kwa sababu kusema kulihitaji sauti.

Kwa hiyo mama alipotangaza, likizo kubwa ikikaribia, kwamba mwaka huu nitauza naye ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni hapa Baraka, niliusukuma ugali pembeni. Mama anauza kwa mdomo. Anaweza kumwita mteja aliye juu ya pikipiki inayotembea, na pikipiki ikasimama.

"Ndagala haijiuzake," aliniambia. "Inauzwa na koo. Na we koo uko nayo, unaificha tu."

Ilikuwepo njia moja tu ya kupona. Kuna mama mwenye sekretaria, kile chumba ambacho watu wanaleta barua zao za mkono ili zichapwe, na alikuwa amepewa kazi ya kuchapa nyimbo zote za kwaya ya kanisa letu, kutoka kwenye madaftari kumi na moja yenye madoa ya mawese. Alikuwa na mashini moja, kompyuta, naye mwenyewe anaitumia kutwa. "Ukikuja na yako," aliniambia, "kazi iko yako. Bila mashini, binti yangu, utakuja kunisalimia tu." Kuchapa nyimbo za wengine, kichwa chini, kimya, likizo nzima! Sijawahi kumwomba Mungu kitu kizuri kuliko hicho.

Na kuchapa nilijua. Nilijua kwa katoni. Shuleni kwetu somo la ordinatere, hizo kompyuta, lipo; ordinatere ndiyo haipo. Mwalimu alituchoresha klavie, bao la herufi, juu ya katoni za sabuni, kila herufi mahali pake kama kwenye klavie za Kifaransa: A juu kabisa kushoto, M pembeni ya L. Halafu alikuwa anatufunga macho kwa kitambaa, anatusomea maneno, na kutazama vidole vyetu vinatua wapi. Nilikuwa wa kwanza. Katoni haikutazami usoni. Tulielewana.

Mama alikubali baada ya wiki nzima ya kunisikia nikipigapiga katoni ile pembeni ya sahani. Alikuwa na dola mia moja na ishirini, zilizokuwa zimewekwa kwa mabati ya jikoni. "Mvua ikininyeshea sufuria," alisema, "nitajua ni we." Akamchukua na mjomba, kaka yake, anayetengeneza mota za mitumbwi, kwa sababu nyumbani kwetu chochote chenye waya ni cha mjomba.

Muuzaji alikuwa mzee wa kofia nyeupe, mwenye duka la redio na taa za jua karibu na pwani. Aliweka mashini mbili za kukunja juu ya meza moja. Nyeusi zote, za ukubwa mmoja, na bei moja, ile ile ya mabati yetu. Moja ilivuka ziwa kutoka Kigoma. Nyingine ilitoka Ubelgiji, ikapita Bujumbura na Uvira.

"Ni mapacha," alisema. "Wallahi, hata mi nazichanganyaka."

Mama hakuangalia. Alizipima. Alichukua moja kwa mkono huu na nyingine kwa mkono huu, akafunga macho, kama anavyofanya na vikapu vya ndagala ili kujua kipi kimechanganywa na mchanga. "Ya Kigoma iko nzito," alisema. "Iko na kitu ndani."

Mjomba aliweka sikio. Alisikiliza ya Kigoma, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alisikiliza ya Ubelgiji. "Hii inapumua mubaya," alisema, na akaichomoa kwenye umeme ili aone. Ikazimika hapo hapo, kabla waya haujagusa meza.

Mama aliisukuma kwa kidole kimoja.

"Haikufe," alisema mzee. "Imepumzika."

"Papa, kitu inapumzika kabla ya kutumika?" aliuliza mama.

"Batri yake iko muzee, mama. Lakini ukiichomeka, inatumika kuanza asubui mupaka magaribi. Ya Kigoma yeye, batri iko mupya, saa ine bila umeme."

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Mama alianza kufungua pindo la kitenge chake, mahali ambapo pesa inakaa. "Ujaribu," mjomba aliniambia, kwa adabu tu, kama unavyomwalika mtu aonje chakula kilicholipiwa tayari.

Nilifunga macho, kama shuleni, nikachapa: mama yangu. Nilipofungua, kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa ;q;q yqngu.

Mama aliinama, akasoma. Anasoma vizuri, alimaliza la sita. "Huyu ni mi?"

Nilitazama klavie. A haikuwa mahali pake. Pale pa A alikaa Q, pale pa Z alikaa W, na M alikuwa amehama kabisa, yuko chini na N kama mtu aliyegombana na jirani. Klavie ya Kiingereza. Vidole vyangu, mwaka mzima, vilijifunza nyumba nyingine.

Nilionyesha kwa kidole. Mzee wa duka alicheka. "Hiyo tu? Si tunazihamisha!" Mjomba alikuwa tayari ametoa bisibisi ndogo mfukoni. Aling'oa A, aling'oa Q, akawabadilishia viti. Kufikia hapo watu walikuwa wamesimama mlangoni: mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, dereva wa pikipiki aliyesema ameshuka jana kutoka Minembwe, na mzee mwingine asiyetaka kununua chochote.

"Bonyeza A," mjomba aliniamuru.

Nilibonyeza A. Ikatoka q.

"Bonyeza na nguvu. Haijazoea."

Nilibonyeza na nguvu. Ikatoka qqqqqqq.

"Iko na kichwa nguvu kama mubuzi wa mulimani," alisema mtu wa Minembwe.

"Ni we uko na vidole nguvu," mjomba alinigeuzia. Alibonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba cha mota. Q. Mama mwenye mtoto alishauri tuizime na kuiwasha, isahau. Tuliizima, tukaiwasha. Haikusahau. Mjomba alirudisha herufi kwenye viti vyao bila kumtazama mtu, na A hadi leo, nadhani, imekaa upande upande.

"Atazoea," mama aliamua. "Mutu anazoeaka bwana, atashindwa kuzoea herufi?" Watu wakacheka, akaanza kuhesabu noti.

Nilikuwa na sentensi tayari. Nilikuwa nimeipanga vizuri: mama, madaftari ni kumi na moja, nikitafuta kila herufi kwa macho nitamaliza Krismasi, na kazi atapewa mwingine. Ilifika kwenye meno. Watu wote wa mlangoni walinitazama. Ikarudi.

Basi niliweka mkono juu ya mashini ya Ubelgiji. Mama aliutoa. Niliurudisha. Aliutoa tena, akasema, "We, hiyo ni maiti." Niliurudisha, na safari hii niliweka miwili, na kifua kidogo.

"Mama," alisema mzee wa duka, "mukono ya mutoto imesema."

"Mukono yake ingeenda kuuza ndagala," alijibu mama. Lakini alilipa.

Jumatatu nilifika sekretaria na maiti yangu ndani ya kitenge. Mama mwenye sekretaria aliifungua, akaisifu, akajaribu kuiwasha bila waya, ikakataa, akaniuliza kwa nini sikuchukua yenye batri. Nilimweleza kwa kumwandikia kwenye karatasi. Alisoma, akacheka mpaka akakaa.

"Binti, klavie unaibadirishaka ndani, mu mipangilio. Unachagua Kifaransa, inakutii. Hata dakika moja haifike."

Nami nikakaa. Nilifikiria mabati, kidole gumba cha mjomba, na jinsi nilivyoilalia ile meza mbele ya mtu wa Minembwe. Niliamua kwamba mama hahitaji kujua kila kitu kuhusu mipangilio.

Mashini isiyo na batri inakaa penye umeme. Ndani, soketi zote zilishikwa na printa. Iliyobaki ilikuwa mlangoni, kwenye meza ya kuchajia simu, ambako watu wote wa soko wanaleta simu zao. Nikawekwa pale, uso kwa barabara. "Dada, simu yangu imejaa?" "Dada, mbona unanong'ona, uko na matanga?" Nilijibu kwa mnong'ono au kwa kichwa, nikachapa. Siku ya tatu nilikuwa nimefika wimbo wa ishirini na moja, wa beti saba, niko ubeti wa saba, sijahifadhi hata mmoja, wakati kijana mmoja mwenye haraka alipopitisha mkono, akachomoa waya mmoja na kuchomeka simu yake.

Kioo kikawa cheusi.

Sijui ilitoka wapi. Sikuipanga. Nilisikia mtu anapiga kelele, "Nani amechomoa mashini yangu? Rudisha! Rudisha saa hii!" na pikipiki moja ikasimama katikati ya barabara, na kijana akarudisha waya huku anaomba msamaha kwa Kifaransa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya ndagala, mama alikuwa amesimama, kikombe cha kupimia mkononi.

"We mutoto!" aliita. "Na koo hiyo, samaki zangu zote zingeisha saa ine ya asubui!"