Leso Shingoni mwa Mbwa

Mimi ni mtu wa kujionyesha. Bora niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na watu wa Kibwezi, ninakouza pampu za maji na mipira ya kumwagilia mashamba, na ambako viatu vyangu hung'aa hata msimu ambao vumbi linafika magotini. Kwa hivyo wezi walipopitia boma la mama kule Migwani wakaondoka na kuku wote, na juu ya hayo mbuzi mwenye mimba, sikuwaza kumtafutia mbwa tu. Niliwaza German shepherd, yule ambaye huku kwetu tunamwita Jamani. Mbwa wa kawaida wamejaa Ukambani, wale wekundu wenye mbavu za kuhesabika, na hakuna mwizi anayewaogopa. Lakini Jamani ana heshima yake. Rafiki yangu mmoja wa kule Salama anaye, na hata mchungaji akimtembelea hukaa ndani ya gari akipiga honi mpaka mtu atoke.

Niliposikia bei ya mtoto wa Jamani mwenye karatasi zake, nilitafuta kiti. Binamu yangu wa Nairobi ndiye aliyeniambia kuna kituo nje ya mji kinachookoa mbwa waliotupwa, na kwamba Jamani hawakosekani huko. Watu hununua kitoto kizuri cha kupigia picha, kikikua na kuanza kula kama askari wanakichoka. Unaenda, unaulizwa maswali, unapewa mbwa. Wenyewe wanasema unamwasili. Neno hilo lilinikwama kooni. Huku kwetu anayeasiliwa ni mtoto, tena mbele ya hakimu. Na mbwa wa kupewa, aliyeachwa na mtu mwingine, ningemtembeza wapi? Shati la mtumba tunavaa hadi kanisani bila haya. Lakini mbwa wa mtumba?

Nilienda hata hivyo. Nilitaka dume lenye kifua. Walinionyesha jike la makamo, sikio moja limesimama na la pili limelala, na shingoni ana mviringo usio na manyoya. Mwanamke anayesimamia kituo alinieleza kwamba walimkuta amefungwa mnyororo kwenye ua wa nyumba ambayo wenyewe walishahama. Majirani walikuwa wakimrushia chakula juu ya ukuta. Kwa sababu hiyo sharti la kumchukua lilikuwa moja: asifungwe tena, si kwa mnyororo, si kwa kamba. Nilimwambia mbwa atakaa kwa mama, mashambani, akasema ni vizuri, wangekuja kumtazama huko. Wakimkuta amefungwa wangeondoka naye siku hiyo hiyo. Nilikubali upesi, kama mtu anayeitikia amina huku sala hakuisikia.

Nilipomshusha Migwani, mama alimzunguka mara mbili.

"Hii ni ngiti ama ni punda?" aliuliza. Ngiti ni mbwa kwa Kikamba. "Umetoa wapi?"

"Nimenunua, mwaitu," nilimjibu, kwa maana kwetu mama ni mwaitu. "Usiulize bei."

Basi. Neno likishatoka halirudi. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua kwamba mwana wa mama fulani amemnunulia mamake Jamani, na wazee walinipa mkono kwa namna ambayo hawakuwa wamenipa tangu nioe. Nilifurahi, na nilijiona mdogo, yote kwa pamoja. Sharti la kituo sikumweleza mama, kwa maana kulieleza kungekuwa kueleza mbwa alikotoka. Nilimwambia tu kwamba Jamani hafungwi kama hawa wengine. Mama alicheka, akasema mbwa asiyefungwa ni mwizi wa mayai, lakini hakumfunga.

Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nikija na kukuta mambo yamebadilika. Kwanza mbwa alikuwa akilala nyuma ya ghala. Halafu akawa analala mlangoni. Mama, ambaye alitulea tukijua kwamba mbwa ni wa nje na chakula chake ni ukoko, alianza kumpikia uji wake kando, usio na chumvi. Mbwa alimfuata kuchota maji, alimfuata kufungua mbuzi, na Jumapili alilala nje ya kanisa mpaka ibada iishe. Mama alikuwa akizungumza naye kwa Kikamba siku nzima. Alikuwa mjane kwa muda mrefu, na sikuwa nimewahi kujiuliza alikuwa akizungumza na nani kabla.

Ndipo mwanamke wa kituo akanipigia simu: watakuja Jumamosi. Nilimpigia mama.

"Jumamosi kuna wageni kutoka Nairobi," nilisema.

"Wageni wa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa peke yangu dukani, hakuna aliyenisikia. Lakini nilifikiria kumwambia mama kwamba watu wazima wanatoka Nairobi, wanachoma mafuta njia yote hiyo, kuja kumtazama mbwa, na kwamba mbwa mwenyewe hata sikumnunua.

"Ni wageni wangu tu," nilisema. "Mambo ya biashara."

Mtu wa kwetu akisoma hapa ameshajua kilichofuata. Mgeni akija, mbwa anafungwa. Kabla hujafagia uwanja, kabla hujamshika kuku, unamfunga mbwa. Mgeni akisimama langoni akipiga kelele ashikiwe mbwa, boma hilo limejiaibisha, ni kama halitaki watu. Mimi mwenyewe nililelewa nikifunga mbwa kila mchungaji alipotarajiwa. Na bado hilo sikuliwaza, kwa kuwa nilikuwa nikiwaza shati nitakalovaa.

Nilikutana na wageni sokoni Migwani, yule mwanamke na kijana wa kiume anayewatibu mbwa pale kituoni, nikawaongoza hadi nyumbani. Uwanja ulikuwa umefagiwa mistari mistari. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani, na akina mama wanne wa ushirika wake walikuwa jikoni wakikaanga chapati. Kuku wawili walikuwa wameshaingia sufuriani. Tuliingia langoni bila kubwekewa, na mwanamke wa kituo akanitazama.

"Mama, shikamoo," alisema. "Tumekuja kumwona mbwa."

Mama alinigeukia, akamgeukia tena. "Mbwa?"

"Yule tuliyempa kijana wako. Tulimwokoa, alikuwa ameachwa."

"Kwani hii ngiti ni ya kupewa?" mmoja wa akina mama aliuliza kutoka jikoni, kijiti cha chapati mkononi. "Aiya! Kumbe hata mbwa wanaokoka!"

Walicheka, si kwa ubaya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale, kati ya jiko na lango. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa bado anajaribu kuwakaribisha wageni wake.

"Msiogope," aliwaambia, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mtu aliyejiandaa. "Nimemfunga vizuri. Hawezi kuwasumbua."

Alitupeleka mwenyewe nyuma ya ghala. Mbwa alikuwa chini ya mti, kwenye kivuli kizuri, beseni la maji upande huu na maini ya kuku upande ule. Hakuwa amefungwa kwa kamba. Mama alikuwa amemfunga kwa leso yake, kanga ya kujifunga kiunoni, ameikunja pana pale pasipo na manyoya ili isimkwaruze. Lakini mbwa hakuwa amegusa maji wala maini. Alikuwa amejibana kwenye shina, anatetemeka mwili mzima, na amejikojolea. Hakutuangalia. Alikuwa anaangalia njia ya langoni, kama anayesubiri kuona nani anahama.

"Nani amemfunga?" mwanamke wa kituo aliuliza. Aliniuliza mimi.

"Ni mama," nilisema. "Unajua wazee wa huku, hawaelewi mambo ya mbwa."

Nilisema kwa Kiswahili, na mama amewafundisha watoto Neno la Mungu kwa Kiswahili tangu mimi niko darasa la pili. Akina mama wa jikoni walikuwa wametufuata. Yule wa kijiti cha chapati alitazama chini. Ningetaka kusema kwamba maneno yaliniponyoka, lakini nilikuwa nimeyachagua, na hata uso niliuweka wa kuyasindikiza.

Mama angeweza kunivua nguo mbele yao kwa neno moja. Angesema tu, "Sikuambiwa." Alinitazama kidogo.

"Ni kweli," alimwambia mgeni. "Sisi hatujui. Mtusamehe."

Akapiga magoti na gauni lake la kanisani, akaifungua leso. Mbwa hakukimbia. Aliingiza kichwa kwapani mwa mama na kubaki hapo, na mama akamsemesha kwa Kikamba mpaka kutetemeka kukapungua.

Mwanamke wa kituo alimweleza basi: mnyororo, ua, wenyewe waliohama, sharti. Mama alisikiliza huku akipapasa ile shingo. Aliuliza tu kama watu hao walikuwa na watoto.

"Mama, kama ungejua haya," mgeni alisema, "leo ungefanya nini na wageni?"

"Wageni wangezoea," mama alisema. "Ama waende."

Wale wawili walienda kando wakanong'ona. Nilisimama nikijua kwamba wakimchukua mbwa, nitakuwa nimemnyang'anya mama mwenzake kwa mikono yangu. Waliporudi, yule mwanamke alinipita akamwendea mama.

"Anabaki," alisema. "Lakini sasa ni wako, si wa kijana wako. Nipe namba yako. Tukitaka kujua habari zake tutakupigia wewe."

Kwangu aligeuka mara moja, akasema asante, kama unavyomwambia mtu aliyekuonyesha njia. Halafu wakala, wakasifu chapati, wakaenda. Mbwa alilala chini ya meza muda wote, na hakuna aliyeogopa.

Jioni, akina mama walipokuwa wameondoka, nilimkuta mama akiosha sufuria nje. Nilishika kitambaa nianze kupangusa vyombo. Hakunikataza.

"Hukuniambia," alisema. "Ulikuwa unamwonea aibu mbwa, ama ulikuwa unanionea aibu mimi?"

"Mbwa, mwaitu," nilisema, macho kwenye sahani.

"Haya," akasema, na akanipa sahani nyingine nipanguse.