Nyati Nje ya Hema, Bibi Ndani

Kwanyu, kwanyu. Usiku wa manane nyasi zilikuwa zinang'olewa nje ya hema letu, karibu kabisa na kichwa changu. Mume wangu, dereva wa watalii, ndiye aliyetuleta kulala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ati na sisi tuone wanachofuata wazungu. Sasa akanong'ona, "Nyati huyo. Mtoto asilie."

Asilie vipi? Nilimpa titi, maziwa yakagoma kwa hofu yangu, akaanza kunung'unika, nami nikajua akipaza sauti tu, yule mnyama atatupitia sisi na turubai letu.

Mama mkwe, mkulima wa Rhotia, alikuwa hajawahi kulala hemani. Akaninyooshea mikono gizani. "Nipe." Kisha akamwambia mwanawe, "Wewe, geukia ukutani."

"Mama, hema halina ukuta."

"Basi jifunike blanketi."

Nikasikia vifungo vya gauni vikifunguliwa. Mwanamke asiyevua hata kitambaa cha kichwa mbele ya mwanawe alimpa mjukuu titi lake kavu, na mtoto akatulia, akanyonya hivyo hivyo mpaka nyati akashiba na kwenda zake.

Nimesikia wanaume wengi wakisifiwa kwa mikuki yao. Huyu alifungua vifungo tu.

Asubuhi alikoroga uji bila kuniangalia. "Mwanangu, ya jana yaishie hapa."

Nikamwahidi. Ninyi wasomaji ni watu wa nyumbani. Zaidi yenu, simwambii mtu mwingine.