Diski ya Pili na Sauti ya Mama

Kompyuta yangu ya zamani ilipokufa, niliitoa diski yake, nikaifunga kwa kitambaa na kuihifadhi kabatini. Ndani yake kulikuwa na mfumo wa Linux na, muhimu kuliko vyote, sauti ya marehemu mama yangu akiutaja ukoo wetu kwa Kingoni. Nakala nyingine haikuwapo. Ndugu zangu wa Mpitimbi nilikwisha kuwaahidi kwamba wangeisikia baada ya misa ya kumkumbuka.

Mdogo wa mke wangu, mwalimu wa kompyuta, alifika kutoka Ruhuwiko. Aliniamkia, akaichomeka ile diski ndani ya kompyuta mpya iwe ya pili, kisha akaiagiza mashine iwakie humo. Linux ikaamka, ikadai neno la siri.

Sikulikumbuka. Katika utumishi wa serikali tulielekezwa kulibadilisha kila mwezi na tusiliandike popote. Baada ya kustaafu niliendelea kuitii kanuni hiyo nyumbani, bila kusimamiwa na mtu.

"Shemeji, ulikuwa unamficha nani? Dada hata kuiwasha hajui!"

Mke wangu akacheka jikoni. Mimi sikucheka. Niliona nimemfungia mama yangu ndani.

"Haya, tulia kwanza," shemeji akasema.

Aliizima, akaiwasha upya, akaisimamisha kwenye menyu ya kuwashia na kuongeza, mwishoni mwa mstari mmoja, maneno machache ya kuiamuru ifunguke bila kudai neno la siri. Chai yangu haijapoa, alikuwa amekwisha kuweka neno jipya la siri, na mafaili yangu yote yako wazi mbele yake.

Nilipigwa na butwaa. "Yaani yeyote angeishika mashine hii angeingia?"

"Yeyote anayejua, shemeji."

"Sasa miaka yote hiyo nililinda nini?"

Alikwisha kulibonyeza faili la sauti. Mama akakohoa, akamkemea mtu afukuze kuku, ndipo akaanza kutaja majina. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Sauti ilipokoma, nilidai diski ifungwe kikamilifu, isisomeke kwa ujanja wowote bila neno la siri.

"Inawezekana. Lakini ukilisahau neno lako, hata mimi sitaifungua. Na wewe kusahau ndiyo kazi yako!"

Watumishi niliowaonya kazini kwa kuacha kompyuta wazi walikuwa wengi. Nikamwagiza aliondoe neno la siri kabisa, kisha kila ndugu apewe nakala. Nilisema hivyo kwa hasira, na hasira hiyo sijaimaliza.